Sura ya Tano: Bunduki za Mtumba

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Tanga mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika koloni hili walikuwa wamepewa bunduki iliyowazidi umri. Ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, kazi ya ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf. Ni chuma na mti wa kilo nne na nusu hivi, mtutu wenye tundu la milimita 11, risasi moja kwa mara moja. Kwao Ujerumani ilikuwa imekwisha kuachwa. Jeshi lao lilipokea bunduki mpya mwaka 1888, likapokea nyingine bora zaidi mwaka 1898, na hii ya zamani ikabaki kujaza maghala. Ghala likijaa, mwenye mali hutafuta pa kuimwaga, na sehemu ya mali ile ikamwagwa huku kwetu.

Silaha za namna hii, zilizostaafishwa na majeshi na kuuzwa kwa bei ya chini, zina soko lake mpaka leo. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, maghala ya Ulaya Mashariki yalifunguliwa, na bunduki za Mosin-Nagant, muundo wa Warusi wa mwaka 1891, zikauzwa Marekani kwa miaka mingi kwa bei iliyoshuka hata chini ya dola 100. Kabla ya hapo zilikuwa Lee-Enfield za Waingereza na Mauser za mataifa kadhaa. Mwaka 2003 wafanyabiashara walinunua akiba kubwa ya silaha kuukuu iliyokuwa imefungiwa katika jumba moja la Kathmandu, Nepal, zikiwamo Martini-Henry kwa maelfu. Mnunuzi mmoja anataka kulenga shabaha siku za mapumziko bila kutumia fedha nyingi. Mwingine anataka kukishika kwa mkono kitu alichokisoma kitabuni. Omani nako, katika soko la Nizwa, utaziona Martini na Enfield za zamani zimetundikwa karibu na majambia, nyingine zimevishwa pete za fedha, zikinunuliwa kama kumbukumbu ya ukoo.

Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa biashara hii. Mnunuzi mzoefu akisimama mbele ya belo la mtumba sokoni, hakimbilii bei. Anageuza nguo, anatazama mshono, anajiuliza imetoka wapi na mwenyewe aliiacha kwa nini. Kwa bunduki linaongezeka swali moja, nalo ndilo zito kuliko yote: risasi zake zitatoka wapi? Historia ya bunduki kuukuu katika pwani hii, kuanzia Saadani hadi Jasini, mimi naisoma kwa swali hilo. Wengi waliopata bunduki rahisi hapa walikuja kuilipia baadaye, kwenye risasi.

Karne ya kumi na tisa ilituletea silaha kwa mawimbi, na kila wimbi lilianzia kwenye kambi za Ulaya. Majeshi ya kule yalipoacha gumegume, bunduki ya kuwasha baruti kwa cheche za jiwe, na kushika bunduki za fataki, magumegume yakapakiwa melini. Yalipoacha kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu na kuanza kutumia risasi zenye ganda, zinazoingizwa kwa nyuma, bunduki za fataki zikafuata njia ileile. Mwaka 1886 Wafaransa wakatoa Lebel, bunduki ya kwanza ya jeshi kutumia baruti isiyo na moshi, na katika miaka michache kila dola ya Ulaya ikajikuta na maghala ya silaha nzima, zenye nguvu, ambazo hakuna jemadari aliyezitaka tena.

Mlango wa kuingilia ulikuwa Unguja. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza kule, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Wingi peke yake haukuwa jambo geni. Kilichomtia hofu ni kwamba bidhaa yenyewe ilikuwa imebadilika: mahali pa bunduki hafifu za kushindilia palianza kushikwa na bunduki za risasi zenye ganda, zenye kufika mbali na kupiga upesi. Jeshi jipya la Sultani Barghash, chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, nalo lilikuwa limeanza kwa msaada wa aina hiyohiyo. Uingereza ilimpa Snider 500, na Snider ilikuwa Enfield ya kushindilia iliyokatwa nyuma ya mtutu na kutiwa kifuniko ili ipokee ganda. Waingereza wakati huo walikuwa wamekwisha kuhamia Martini-Henry. Walitoa walichokivua.

Kutoka Unguja majahazi yalivuka hadi Saadani, Pangani na Tanga. Pangani ulikuwa mwanzo wa njia ya misafara iliyofuata bonde la mto kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, na bunduki zilipanda njia hiyo pamoja na vitambaa na waya za shaba. Aliyefaidika kuliko wengi ni Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai wa Usambaa. Baba yake alitawala kutoka Vuga, juu milimani, ambako heshima ya ufalme ilikaa kwenye mvua na kafara. Semboja aliweka makao yake Mazinde, chini tambarare, pale misafara ilipopita. Kimweri alipofariki mwaka 1862 na wazao wake wakaanza kugombana, mwenye kukaa njiani ndiye aliyekuwa na baruti. Milima ilikuwa na watu wengi na utakatifu mwingi, na haikumfaa kitu mtawala wa Vuga.

Hapa ndipo pa kusema wazi bei ililipwa kwa kitu gani. Baruti na bunduki vilinunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Bunduki iliyotupwa na jeshi la Ulaya ilimwezesha mtu wa Mazinde au wa Uzigua kuwateka jirani zake, akawauza, akanunua baruti ya kuteka wengine. Vijiji vya mabondeni vilihamwa. Anayekusanya silaha za karne ile na kuzipanga ukutani kwa uzuri wa mti na chuma bila kulijua hilo hajaijua mali yake.

Sasa gobore. Kati ya bunduki zote zilizofika pwani hii, lililodumu ni gobore, na sababu yake ni ileile ya risasi. Mwenye gobore humimina baruti, hufuatisha makumbi au kitambaa, hushindilia kwa mdeki, hutia gololi au marisau, hushindilia tena, kisha hupachika fataki. Baruti ya kawaida huweza kutengenezwa kijijini, risasi huyeyushwa kwenye chungu, na kwa gumegume hata fataki haihitajiki. Mwenye Snider au Mauser hana njia hizo. Ganda lake ni shaba iliyovutwa kwa mashine kiwandani, na likimwishia, bunduki yake yenye sifa zote inabaki mchi. Wazee waliokataa bunduki mpya na kushikilia la zamani walikuwa na hesabu kichwani.

Kisha sheria ya Wazungu ikalipa gobore maisha marefu zaidi. Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, mataifa yalitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa, na ndani yake yakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Walichokiachia mlango, kwa usajili na masharti, ni gumegume lisilo na michirizi ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Mwafrika angeweza kuruhusiwa silaha ya enzi za Napoleon; ya karne mpya ingebaki mikononi mwa serikali. Nia ya kukomesha utumwa ilikuwa njema. Lakini mwaka huohuo wa 1890 Wajerumani na Waingereza walikuwa wakigawana pwani hii, na yeyote anayetazama tarehe hizo pamoja ataona nani alifaidika na nani alifungwa mikono.

Pangani waliona jambo hilo kwa macho kabla hata mkataba wa Brussels haujatiwa saini. Agosti 1888 ofisa wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, aliingia mjini akitaka bendera yake ipepee mahali pa bendera ya Sultani, na mji ukainuka. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa upande wa Pangani, Bwana Heri akashika Saadani. Watu wao walikuwa na bunduki, tena nyingi, za kila aina na kila umri, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Jeshi lenye aina nyingi za mitutu linahitaji aina nyingi za risasi, na manowari zilizokuwa zikizunguka pwani zilizuia majahazi ya kuzileta. Hermann von Wissmann, aliyetumwa na serikali ya Ujerumani, alipofika mwaka 1889 na askari aliowaajiri Misri na Msumbiji, aliwapa wote bunduki moja: Mauser ya 1871. Pangani na Tanga zikaanguka Julai. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo.

Tazama tarehe. Wissmann aliigawa Mauser ile mwaka mmoja baada ya Ujerumani kuiacha. Ilikuwa mtumba siku ya kwanza, na bado ikawashinda waliokuwa na bunduki nyingi. Mikono iliyoishika ilikuwa na kiwanda na meli nyuma yake. Nasisitiza hili kwa sababu wakusanyaji hupenda kubishana ipi ni bunduki bora, Gras au Martini, Snider au Remington, na ubishi huo ni mtamu, lakini vita vya pwani hii havikuamuliwa hivyo.

Miaka 25 baadaye bunduki ileile ilikuwa bado zamuni. Jenerali Aitken wa Uingereza alishusha watu wake karibu na Ras Kasone mwanzoni mwa Novemba 1914, jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na 1,000 hivi, aliowaleta kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi. Mauser ya 1871 ilikuwa na aibu moja kubwa vitani: baruti yake nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe juu ya kichwa cha mpigaji, na adui akajua amelala wapi. Upande wa pili, ndani ya mashamba na vichaka vya Tanga ambako watu walipambana kwa hatua chache, lile donge la risasi la gramu 25 lilipopiga, mtu hakuinuka. Kila mtoto wa Tanga amesimuliwa kuhusu nyuki waliowavamia Waingereza siku ile. Nyuki walikuwapo kweli, na waliuma pande zote mbili. Kwa msomaji wa sura hii, kilicho kikubwa ni kilichobaki ufukweni Waingereza walipoondoka tarehe 5: bunduki 455, bombomu 16, na risasi zinazokadiriwa nusu milioni au zaidi. Lettow-Vorbeck alipata silaha za kisasa za kutosha kampuni tatu na ushei bila kulipa hata rupia.

Miezi miwili baadaye, tarehe 18 na 19 Januari 1915, akashinda tena Jasini, karibu na mpaka wa Kenya ya leo. Ushindi huo ulimfundisha kuliko kushindwa. Alipiga hesabu akakuta risasi 200,000 zimekwenda kwa siku mbili, na kwamba kwa akiba aliyobaki nayo angeweza kupigana vita vitatu tu vya namna ile. Tangu hapo akabadili mwenendo: kushambulia reli, kukimbia, kujificha. Wanahistoria wengi humsifu kwa ujanja wa vita vya msituni. Mimi nauona ujanja huo ukianzia kwenye daftari la ghala.

Ndipo ikaja meli ya Kijerumani, Rubens. Aprili 1915 ilifika pwani ya kaskazini ya Tanga ikiwa imejifanya ya Kidenmaki, ikiitwa Kronborg, imebeba karibu bunduki 2,000 na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliigundua na kuifukuza hadi Ghuba ya Manza, katika wilaya ya Mkinga ya sasa. Nahodha Christiansen aliizamisha penye maji machache, moto ukawaka juu, Waingereza wakaondoka wakiamini mambo yamekwisha. Hayakwisha. Kwa wiki kadhaa watu walizama na kupandisha makasha kutoka tumboni mwa meli. Risasi zilizokuwa zimelowa maji ya chumvi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, zikafungwa upya. Nyingi zilipiga. Nyingine zilikaa kimya pale askari alipovuta kifyatulio adui akiwa mbele yake.

Mambo mengine ya vita hivyo nayapita haraka, isipokuwa mwisho wake. Mwaka 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akateka kambi ya Wareno Ngomano, akawapa askari wake bunduki za Kireno kwa kuwa risasi zake ndizo zilizopatikana. Alipojisalimisha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki alizokabidhi, zaidi ya 1,000, zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Silaha za kwao zilikuwa zimekufa njaa. Na risasi hizo zote, za pande zote, zilibebwa vichwani. Risasi moja ya Mauser kuukuu ina gramu 40 na ushei. Kasha la mia chache ni mzigo wa mtu mzima. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa, wakibeba chakula cha bunduki.

Ukibahatika kuishika Mauser ya 1871, huko ughaibuni kwa muuzaji mwenye leseni, fanya hivi. Inua kishikio cha komeo, livute nyuma mpaka lisimame. Tundu ni tupu, hakuna chemba ya kuhifadhi risasi tano kama za baadaye. Askari alitia moja kwa kidole, akasukuma komeo, akapiga. Alipolivuta tena, ganda tupu lilitoka kwenye mtutu lakini halikuruka nje, kwa sababu bunduki hii haina kijino cha kulitupa. Ilimbidi aipindue bunduki upande, ganda lianguke. Ifanye harakati hiyo mara kumi mfululizo ukiwa umelala kifudifudi, utaelewa kuhusu vita vya Tanga jambo ambalo kitabu hakikuambii.

Halafu kagua. Tafuta mhuri wa kiwanda na mwaka: Spandau, Amberg, Danzig, Erfurt, Oberndorf. Linganisha namba ya mtutu na ya komeo. Zikitofautiana, ujue imeunganishwa vipande ghalani, na bei ishuke. Mulika ndani ya mtutu kutoka nyuma utazame michirizi. Tazama na mdomo wa mtutu, kwa maana bunduki nyingi za jeshi ziliharibiwa na usafi: fimbo ya chuma ikipita kila siku kwa miaka hula ukingo, na risasi hutoka ikiyumba. Jihadhari na mhuri wa koloni uliopigwa juzi ili kupandisha bei. Mhuri wa kweli umechakaa pamoja na chuma kinachouzunguka.

Kosa la hatari kuliko yote ni la baruti. Mtutu wa 1871 ulipimwa kwa baruti nyeusi. Ukiutilia risasi ya baruti isiyo na moshi kama ya bunduki za leo, unaweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Na risasi kuukuu za jeshi, hata za bunduki mpya zaidi, mara nyingi zina fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu. Mtu wa nchi kavu akisahau kuosha kwa maji ya moto na kupaka mafuta, huenda akasamehewa siku mbili tatu. Kwa hewa ya Tanga, kutu hailali.

Hapa nyumbani mambo ni mengine, na yasemwe bila kupamba. Hatuna soko la bunduki za jeshi kwa raia. Silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015: raifo ya kuwindia, shotgani, bastola, kila moja kwa leseni, na maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji hadi polisi. Mwenye kupenda historia ya silaha asiipoteze nguvu yake akitafuta Mauser ya kununua kwa siri. Boma la zamani mjini Tanga, penye makumbusho ya Urithi, na makaburi ya vita ya mjini, yatampa mengi, tena bila kesi.

Ambacho familia nyingi za Handeni, Kilindi, Muheza na Pangani zinaweza kuwa nacho ni gobore la babu, lililosimamishwa nyuma ya kabati tangu mzee afariki. Alilitumia kufukuza nyani na nguruwe shambani. Kibali kilikuwa cha jina lake, na kibali hakirithiwi kama shamba. Mara kadhaa polisi wametangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na hata nje ya muda huo kwenda kutoa taarifa mwenyewe ni bora kuliko kukutwa nalo.

Kabla ya lolote, watoto watoke chumbani, na mdomo wa mtutu usielekezwe kwa mtu. Usilipige msasa, kwani kutu ikisuguliwa huondoka na mihuri inayosema lilitoka kiwanda gani. Usivute jogoo. Chukua fimbo nyembamba ya mti, iingize taratibu kwa mdomo wa mtutu mpaka igote, weka alama pale inapotokeza, uitoe, kisha uilaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha yake ikifika nyuma kabisa, usawa wa mahali pa kupachika fataki, mtutu ni mtupu. Ikipungukiwa vidole vitatu au vinne, babu aliliacha limeshindiliwa, na baruti nyeusi ikikaa kavu huishi miaka mingi kuliko mwenyewe. Usijaribu kulitoa shindilio hilo. Liache palepale lilipo, funga mlango, umwite polisi wa kata aje na mtu wa silaha.